Nusu ya Kulia ya Shangazi Sechelela

Usiku wa jana niliota nusu ya kulia ya shangazi yangu imeacha kazi.

Ndotoni ilikuwa mchana. Tulikuwa tumekaa uani, mimi na Shangazi Sechelela, tunamenya karanga kwenye ungo mmoja. Hakuna aliyemsema mwenzake vibaya. Punje ya karanga ukiibana vizuri inaachana katikati, nusu huku na nusu huku. Shangazi aliachana hivyo hivyo. Nusu yake ya kulia ikainuka, ikajifuta vumbi kwa mkono wake mmoja, ikarukaruka kwa mguu wake mmoja hadi getini, ikatoka. Geti ikalirudishia polepole, kama mtu aliyelelewa.

Nusu ya kushoto ikabaki na mimi.

"Shangazi," nikamwambia, "nusu yako imeondoka."

"Itarudi," akasema. "Imelala vibaya tu."

"Imelala saa ngapi na tulikuwa wote hapa tunamenya karanga?"

"Nyemo, usinichoshe. Nipe..." Akatafuta neno. "Nipe ile."

"Ipi?"

"Ile ya kwenye mboga. Nyeupe."

Alitaka kusema chumvi. Neno chumvi lilikuwa limetoka na ile nusu, limeshikwa mkono kama mtoto.

Niseme tu kwamba mimi si nesi. Nimeishia darasa la saba. Kazi yangu ni kuosha gari la wagonjwa pale kituo chetu cha afya, nje na ndani, na ndani ndiko kwenye kazi. Lakini muosha gari hafukuzwi watu wakizungumza. Sista Yudith, nesi wetu, huwafundisha madereva wakiwa wameegemea boneti, na mimi nakuwa chini kwenye tairi nasikia: uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, angalia saa. Dereva wetu, Kaka Ndahani, hutikisa kichwa kila sentensi. Mimi sitikisi kichwa kwa sababu nasugua. Ila nasikia.

Kwa hiyo nilijua hiki ni kiharusi. Nilijua kabisa, kama vile ndotoni unavyolijua jina lako hata ukiwa mbuzi.

Jirani yetu, Mama Chilewa, akatokea ukutani. Sisemi juu ya ukuta. Alikuwa ukutani kama kalenda, kisha akashuka. Mkononi ana sufuria ya mafuta ya alizeti yanayofuka moshi.

"Anakandwa wapi?" akauliza.

"Hakandwi, Mama Chilewa. Anapelekwa hospitali."

"Kiharusi kinakandwa, mwanangu. Siku saba. Shemeji yangu alikandwa."

"Akapona?"

"Alikandwa vizuri sana," akasema Mama Chilewa.

"Hata hivyo nusu ya kukanda haipo. Imetoka."

Akaangalia. Akaona ni kweli. "Basi nitakanda kigoda ilichokuwa imekalia."

Anapiga magoti, anaanza kukanda kigoda. Kigoda kinaguna, kinashukuru, kinasema mguu wake mmoja ulikuwa unakisumbua tangu kiangazi. Mama Chilewa ananiangalia kwa ushindi.

"Unaona? Na wewe kuosha matairi kumekupa udaktari."

Mlango wa jikoni ukafunguka, Kijiko akatoka. Alikuwa mrefu kunizidi, wa bati, mwili mzima una alama za meno. Anatembea kama mtu anayejua atapishwa.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza. "Mimi ni wa mdomoni."

"Hujaitwa."

"Sijawahi kuitwa, dada. Mtu akianguka tu, watu wanajikuta wamenishika. Niliingia kwa yule kijana wa mashine ya kusaga, mwenye kifafa. Nikaingia na kwa mwalimu."

"Ukafanya nini huko ndani?"

Kijiko akafikiri. Ilionekana hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Kwa kijana nilivunja jino," akasema. "Kwa mwalimu pia jino."

"Halafu?"

"Halafu kifafa kikaisha chenyewe, nikasifiwa."

Alisema bila aibu na bila majivuno. Nilitaka kujua zaidi. Nikamwuliza kama aliwahi kuona mtu akimeza ulimi, maana ndiyo sababu anapelekwaga huko. Akasema miaka yote amekutana na ulimi mara nyingi, na kila mara ameukuta mahali pake, umefungwa kwa chini kama mbuzi kwenye kigingi. Akasema hata yeye hajui nani alianzisha habari hiyo.

"Basi kaa pembeni," nikamwambia. "Shangazi hana kifafa, na hata angekuwa nacho ningemlaza ubavu na wewe ungebaki jikoni. Mdomoni mwake hakiingii kitu."

Niliposema hivyo, juu ya midomo ya shangazi kikaota kibao kidogo cha bati: HAPAPITI KITU.

Mama Chilewa, ambaye sufuria ya mafuta ilikuwa imegeuka kikombe mkononi mwake, akakisoma mara mbili. "Hata chai?"

Kibao kikajiongezea mstari: HATA CHAI.

"Nusu ya koo imeondoka na ile nusu," nikamweleza. "Chai itapita njia ya hewa. Atapaliwa."

"Mtu anaumwa hapewi chai," akasema Mama Chilewa, akikiambia kigoda. "Nchi hii imekwisha."

Hapo geti likagongwa.

Nilikosea hapo. Nilifanya kosa ambalo ningelifanya hata nikiwa macho, na wewe pia ungelifanya kama umelelewa na shangazi kama wangu. Nilisikia hodi, nikasema karibu.

Aliyeingia alikuwa mrefu, amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi. "Ahsante," akasema. "Mimi ni Saa. Wenzangu wako nyuma. Tuko wanne na nusu."

"Na nusu?"

"Mdogo wetu. Ameishia kiunoni."

Akakaa kwenye ungo, akajaza kiganja karanga, akaanza kula. Alikula taratibu, kwa adabu, akitoa ngozi moja moja. Na kila karanga iliyomezwa, shangazi akapoteza kitu. Kwanza jina la mto. Kisha namna ya kufunga khanga. Kisha akaniangalia mimi kwa jicho lake moja, na nikaona analitafuta jina langu kama mtu anayepapasa kiberiti gizani.

"Samahani, baba," nikamwambia mgeni. "Hizo karanga ni nini?"

Akaangalia kiganja chake. "Sijui. Tamu. Hazijakaangwa."

"Ni ubongo wa shangazi yangu?"

"Inawezekana. Mimi nimekaribishwa tu."

"Nikikuomba uondoke?"

"Saa haiondolewi, dada. Mimi nikishiba natoka, anaingia mwenzangu."

"Na nyinyi mkiisha? Wote wanne na nusu?"

"Kuna wengine," akasema, "lakini wale hawabishi hodi. Na hospitali wanakuwa hawana la kufanya na Donge."

"Donge ni nani?"

"Utakutana naye," akasema Saa, akachota tena.

Nikapiga simu. Simu ilikuwa ya udongo, kama zile tulizokuwa tukifinyanga utotoni, lakini iliita. Gari la wagonjwa likaja lenyewe bila Kaka Ndahani. Likaegesha katikati ya uwanja, likazima taa, likaniangalia kwa kioo cha pembeni.

"Jana umenisahau nyuma ya tairi la kushoto," likasema.

"Nitarudia. Chukua shangazi, twende."

"Sichukui mtu kabla sijamwona. Mama, tabasamu."

Shangazi akatabasamu. Tabasamu likaanza vizuri upande wa kushoto, likafika katikati ya mdomo, likakosa pa kwenda, likadondoka kwenye ungo. Saa akalisogeza kando kwa kidole ili achote karanga.

"Inua mikono yote miwili."

Shangazi akainua mmoja. Akauangalia kwa fahari, kama ameiinua yote miwili.

"Sema: leo tumemenya karanga nyingi uani."

"Leo," akasema shangazi. "Leo tume. Leo tumetume."

"Inatosha, mama. Sasa sukari ipimwe, maana sukari ikishuka inajua kuigiza kiharusi."

Mara Sukari mwenyewe akatoka jikoni kwa miguu, mfupi, amebeba nguo zake begani kama anakwenda kupimwa uzito kliniki. Akapanda mzani.

"Tano nukta sita," akasoma Mama Chilewa, ambaye hapendi kupitwa na kitu.

"Basi si wewe," gari likamwambia Sukari.

"Nilijua si mimi," akasema Sukari. "Lakini huwa ninashukiwa." Akarudi jikoni.

Saa wa kwanza akasimama, akajipangusa, akatoka. Wa pili akaingia bila kupoteza muda. Naye ana kaunda suti, naye akakaa palepale penye joto.

"Twende," nikaliambia gari.

"Sina mafuta."

"Juzi Kaka Ndahani alijaza tangi."

"Hiyo dizeli. Kwa mgonjwa wa kiharusi mimi nanywa saa. Niambie saa ya mwisho shangazi yako kuonekana mzima."

Niliona ni rahisi. Nilifungua kifuniko cha tangi, nikainama, nikasema ndani: "Saa saba na robo." Maana ndipo ile nusu ilipotoka getini.

Gari likakohoa. Likatoa moshi mweusi. Likatetemeka mpaka machela ikagonga.

"Umechakachua," likasema.

"Sijachakachua! Nimeangalia kwa macho yangu."

"Hiyo ni saa uliyomkuta. Sikukuuliza ulimkuta saa ngapi ameharibika. Nimekuuliza ulimwacha saa ngapi akiwa mzima. Watu wote wananijaza ile ya kwanza. Nikifika hospitali kubwa wananiuliza, naanza kubabaika mbele ya madaktari."

"Si ni kitu kimoja?"

"Kabla nusu haijasimama, kwa muda gani ilikuwa imekaa tu hapo haifanyi kitu?"

Mimi ni mtu wa kuangalia. Pale kituoni nikikuta tope jekundu kwenye tairi najua walipita njia ya bwawani. Lakini mchana ule, kwa kitambo sijui cha urefu gani, nilikuwa naangalia karanga.

"Uliza nusu yenyewe," likasema gari. "Iko ndani."

Nilimwambia Mama Chilewa akae na shangazi. Akilegea amlaze ubavu, na asimpe kitu.

"Hata maji?"

"Soma kibao."

"Nimeshakisoma. Nauliza roho yako."

Nikafungua mlango wa nyuma wa gari ninalolijua kuliko mtu yeyote, na ndani hapakuwa na machela. Palikuwa na njia panda. Katikati yake amesimama trafiki mwenye glovu nyeupe, na barabara zote zinakatana mbele ya tumbo lake. Kila anayetoka kushoto anamtuma kulia. Kila anayetoka kulia anamtuma kushoto. Hakuna anayeruhusiwa kunyoosha.

"Afande, kwa nini hawanyooshi?"

"Nimekuta hivyo," akasema trafiki. "Ofisi ya kushoto inasimamia watu wa kulia. Ofisi ya kulia inasimamia wa kushoto. Niliandika barua kuuliza. Sikujibiwa."

Nilitamani kukaa hapo nikaangalie zaidi. Lakini kwenye benchi la upande wa kulia niliiona nusu ya shangazi imekaa wima, kiganja juu ya goti, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

"Shikamoo, Shangazi," nikaiambia, maana hata nusu ni mkubwa wangu.

"Marahaba. Usinitazame hivyo. Mimi sijaacha kazi."

"Ulisimama ukatoka."

"Nilitoka kwenda kuuliza. Mimi nafanya kazi kwa maagizo. Yanatoka juu, ofisi ya kushoto, yanapita kwa huyo bwana mwenye glovu, yananifikia: menya, shika, tembea. Yakakatika. Nikakaa. Nikaona aibu kukaa bure mbele ya karanga, nikaja kufuatilia."

"Ulikaa bure kwa muda gani kabla hujasimama?"

"Hilo siwezi kukuambia."

"Kwa nini?"

"Saa ya mkononi huvaliwa kushoto," ikasema.

Tukapanda wote, mimi kwa miguu na yenyewe kwa kurukaruka, kufuata ofisi ya kushoto. Barabara ikawa nyembamba, ikawa njia ya mbuzi, ikawa bombani kwetu, pale pale penye foleni ya ndoo. Wanawake wamekaa juu ya ndoo zao tupu. Bomba linafanya fyuu bila maji. Nikauliza wa kwanza jina.

"Chumvi," akasema. Amechoka. Midomo imekauka.

Nyuma yake alikuwa Mkono wa Kulia. Nyuma ya huyo, Jina la Mto. Na mwisho kabisa, kasichana kamekaa kwenye ndoo ya lita kumi, kanaitwa Nyemo.

"Hatujafa," akasema Chumvi. "Ila maji yakichelewa sana, tunakufa. Wa mbele ndio wa kwanza."

Nikaweka jicho kwenye mdomo wa bomba. Ndani kabisa, kwenye kona, alikuwa amekaa jamaa mmoja mnene, mwenye wekundu uliokolea, mpole, amejikunja magoti hadi kidevuni.

"Wewe ndiye Donge?"

"Ndiye mimi."

"Unafanya nini humo?"

"Naziba," akasema. "Kazi yangu ni kuziba. Ukijikata na kisu, nani anakuja? Mimi. Ukichomwa mwiba? Mimi. Watu hawasemi ahsante lakini nakuja."

"Hapo kuna kidonda?"

Donge akapapasa pande zote. "Sasa ndiyo naona hakuna. Nilitokea moyoni, nikapotea njia, njia ikawa nyembamba, nikakwama. Nimekosea kituo."

"Basi toka."

"Siwezi kutoka kwa kuambiwa. Kwanza lazima wanipige picha nikiwa hapa, wahakikishe ni mimi niliyeziba na si bomba lililopasuka. Kisha ipo dawa ya kuniyeyusha. Ila watauliza nimekaa tangu saa ngapi. Nikizidi saa nne na nusu, bomba linakuwa limeoza pembeni yangu, na wakiniyeyusha linapasuka. Bila saa hawagusi."

"Uliingia saa ngapi?"

"Dada," akasema Donge, "angalia humu. Unaona dirisha?"

Nyuma yangu nikasikia vishindo. Mama Chilewa amefika, jasho linamtoka, kwapani amembana Kijiko.

"Nimesikia kuna bomba limeziba," akasema. "Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Kuzibua nakuweza. Kijiko, ingia!"

"Nimefurahi kuitwa," akasema Kijiko.

"Mama Chilewa, shangazi umemwacha na nani?"

"Na wageni. Wamekaa vizuri tu, wanakula. Sasa hivi yupo wa tatu, anamaliza."

Nikamshika Kijiko kiunoni. Yeye anavuta kuelekea bomba, mimi navuta kurudi, Mama Chilewa anamsukuma nyuma huku ananiambia nimeanza kiburi tangu nipewe glovu za kuoshea. Donge anatuangalia kwa huruma. "Msigombane," anasema. "Atapasua tu."

"Mama Chilewa," nikasema, "shemeji yako aliyekandwa siku saba. Sasa hivi anafanya nini?"

Aliacha kusukuma.

"Amekaa," akasema.

"Anaongea?"

"Anasema neno moja." Akaangalia chini. "Anasema 'kesho'. Ukimwuliza amekula, kesho. Ukimwuliza anataka nini, kesho." Akamchukua Kijiko taratibu kutoka mikononi mwangu, akamgeuza, akamweka begani kama mtoto anayetaka kulala. "Haya. Wewe unayejua kuangalia, angalia."

Niligeuka, na bombani pakawa uani.

Saa wa nne alikuwa amekaa kwenye ungo. Karanga zilikuwa zimebaki kiganja kimoja. Shangazi amelazwa ubavu juu ya mkeka, na lazima niseme Mama Chilewa alikuwa amemlaza vizuri. Nje ya geti nilisikia mtu mdogo anakwaruza chini, asiyefikia kitasa. Yule aliyeishia kiunoni.

Nikakaa chini. Nikafanya kitu pekee ninachokiweza, nikaangalia polepole.

Mbele ya kigoda palikuwa na rundo la maganda. Sikuwa nimeliangalia mwanzo, kwa sababu nani anaangalia maganda. Ya juu yalikuwa yametafunwa. Yana alama za meno, yamevunjika hovyo, yana mate. Nikaondoa moja, nikaondoa la pili. Yote yametafunwa. Nikachimba kama kuku. Chini zaidi nikakuta maganda mengine: yamefunguka kwenye mstari, safi, kila moja pande mbili zilizolingana.

Nikaelewa, na mwili ukanisisimka kwa raha ya kuelewa, ingawa jambo lenyewe halikuwa la raha. Shangazi humenya kwa kidole gumba cha kulia. Kidole kilipokufa, aliendelea kwa meno, hakusema. Alitumia meno ili mimi nisijue. Rundo lilikuwa linasema kila kitu, chini ni shangazi mzima, juu ni shangazi nusu, na mahali fulani katikati kuna ganda moja la mwisho la kidole gumba.

Nikalipata. Lilikuwa dogo, la karanga ya punje moja. Nikaliweka kiganjani.

"Wewe ndiye wa mwisho?"

"Ndiye," likasema Ganda. Linafungua na kufunga kama mdomo wa ndege.

"Baada yako?"

"Baada yangu kidole kilinigusa kikaniacha. Nilianguka chini. Nikamsikia mama anasema moyoni, ah."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Ngoja nikumbuke."

"Kumbuka haraka, ndugu yangu."

Saa wa nne anapeleka mkono kwenye ungo kwa mara ya mwisho. Gari limewasha injini bila mafuta, linangoja, kifuniko cha tangi kiko wazi kama kinywa. Geti linasukumwa kutoka chini.

"Kulikuwa na kivuli," likasema Ganda. "Cha ukuta. Kilikuwa kimefika kwenye mguu wa kigoda. Na kulikuwa na kitu kinalia mbali. Nimekumbuka! Ilikuwa saa..."

"Nyemo!"

"Saa ngapi? Sema!"

"Nyemo! We Nyemo! Amka mwanangu, utakuta foleni bombani imefika barabarani!"

Nilifungua macho. Chandarua. Paa. Sauti ilikuwa ya shangazi mwenyewe, nje ya dirisha langu, na maneno yote yalikuwepo, hata moja halikupungua.

"Abee Shangazi, naamka."

"Usiniambie unaamka. Amka."

Kisha nikamsikia anaondoka. Sijui kwa nini nilichukua simu kabla ya kutoka kitandani. Sina kawaida hiyo. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi.

Nilikunja chandarua, nikafunga khanga, nikafungua mlango.

Shangazi hufagia uwanja kabla mtu yeyote hajakanyaga, kwa hiyo asubuhi mchanga wetu unakuwa na mistari ya ufagio peke yake na nyayo zake mwenyewe. Nikasimama kizingitini, naziangalia. Zilitoka chini ya dirisha langu kuelekea pipa la maji. Mpaka katikati ya uwanja zilikuwa mbili mbili, vidole vyote vinaonekana. Kuanzia hapo unyayo wa kushoto uliendelea kama kawaida.

Wa kulia ulikuwa mstari.

Mstari ulikwenda moja kwa moja hadi kwenye pipa, na mwisho wa mstari alikuwa amesimama shangazi, amenipa mgongo, anapapasa hewa kwa mkono mmoja kutafuta ukingo wa pipa.

Nilimwahi. Nilimshika kiunoni nikamkalisha chini, nikamwegemeza kwangu. Alinitazama, uso haukulingana. "Nime," akasema. "Nimelala." Simu ilikuwa bado mkononi mwangu.

Kaka Ndahani alipokea kwa sauti ya usingizi. Nilimwambia uso, nikamwambia mkono, nikamwambia maneno.

"Umemkuta hivyo saa ngapi?" akauliza.

"Uliza vizuri, kaka," nikamwambia. "Kumi na mbili na dakika nane alikuwa mzima. Leta gari."